Ngozi Iliyoanikwa kwa Wahabi

Mimi ndiye niliyemfunga baba yangu pingu, hapa Kawempe, saa nne asubuhi, majirani wakitazama.

Mkitaka kunitukana, tukaneni. Ila someni kwanza.

Naitwa Ojera, askari wa wanyamapori. Jirani yangu Wahabi hutengeneza ngoma. Simpendi tangu ajenge ukuta ukamega uwanja wetu. Basi niliposikia ameanika ngozi ya chui uani, nikasema leo nimempata.

Saa mbili nikafungua faili. Saa nne nilikuwa kwake na bosi wangu, madam Lamwaka.

Ngozi ilikuwepo, madoa yanang'aa.

"Afande, hii iko ya mbuzi," Wahabi akasema. "Mimi napaka rangi tu."

"Unaipaka kwa ajili ya nani?"

Akageukia ngoma yake. Nikamzaba kibao, na nakiri, nilifurahi.

Madam akakwaruza ngozi kwa ukucha. Rangi ikabaki kidoleni mwake.

"Ojera, ni mbuzi kweli. Twende zetu."

"Hapana, madam. Hawezi kuiga asichokiona. Ya kweli ipo, aseme iko wapi."

"Peleka mimi jela," Wahabi akajibu. "Jina sisemi."

Nikatoa pingu.

Ndipo baba yangu, mzee Santo, mwanajeshi mstaafu, akaingia na gunia. Akalimwaga miguuni pangu.

Chui wa kweli. Ngozi ya babu, ya kuvaliwa kwenye ngoma za ukoo. Kumbe baba alikuwa akiificha tangu niajiriwe.

"Achia huyo," akasema. "Mimi nilimwomba atengeneze ya kuvaa badala ya hii. Hii nilikuwa naileta ofisini kwenu kesho, wewe usipate aibu."

Ofisini kwetu, anayeleta mwenyewe huandikiwa asante. Anayeleta baada ya faili kufunguliwa huandikiwa kesi.

"Faili lilifunguliwa saa ngapi?" madam akauliza.

Ningedanganya, lakini muda ulikuwa umeandikwa kwa mkono wangu.

Baba akanyoosha mikono mwenyewe. Akaniangalia mpaka nikamaliza kufunga.

Jioni nilimkuta Wahabi kituoni, amemletea mzee blanketi na chai. Shavu lake bado limevimba.

Ndugu zangu, kabla hujamshtaki mtu, jiulize unatafuta haki au unatafuta kumkomoa. Mimi nilijua jibu langu tangu saa mbili, nikaandika tu.

Baba hanisemeshi mpaka leo. Wahabi ananisalimia kila asubuhi, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.