Kamba Niliyoiviringisha Mkononi

Mimi ni binti wa saisi, mtunza farasi, na sioni haya kusema. Kusoma sikusoma sana. Chuoni niliishia juzuu ya tano, na herufi hizi nimefundishwa na mjukuu wangu. Lakini farasi namjua. Zamani zile za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, farasi Bagamoyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, maana mbung'o waliwamaliza. Baba aliwatunza wa Mwarabu mmoja tajiri. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinipata mimi, nami nilimtosha. Goti lake lilipoharibika, akanikabidhi mwanafarasi mmoja, Marjani, nimfundishe kuzunguka.

Farasi mchanga hapandwi hivi hivi. Kwanza unasimama naye uwanjani, wewe katikati, mkononi kamba ndefu iliyofungwa kwenye hatamu, naye anakuzunguka. Anazunguka kwa kulia, kisha kwa kushoto, akifuata sauti yako tu. Kamba isiburure mchangani, isimvute shingo. Unaishika kwa mikunjo, moja juu ya nyingine, wala huiviringishi mkononi hata kidogo. Baba alinikataza siku ya kwanza: "Mwanangu, kamba ni ya kuachia. Ukiiviringisha, aliyefungwa ni wewe."

Marjani kulia alikwenda vizuri kabisa. Kushoto hakutaka. Asubuhi moja alinichomoka mara mbili, na wanaume waliokuwa wakiezeka banda wakacheka. "Binti Saisi! Unamzungusha farasi au anakuzungusha yeye?"

"Shuka ushike wewe," nikamjibu aliyesema, "tuone kama utabaki na kikoi!"

Wakacheka zaidi. Nikaona haya, nikaona hasira. Mara ya tatu hanichomoki huyu, nikasema moyoni. Nikaiviringisha kamba kiganjani, mara mbili, nikakaza.

Mzigo wa makuti ukaporomoka kutoka juu ya banda. Marjani aliruka kama amepigwa moto. Nilikokotwa uwanja mzima kifudifudi, mdomo umejaa mchanga na samadi, mpaka kamba ikajifungua yenyewe. Ngozi ya kiganja ilikuwa imechunika, nyama inaonekana.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Waezekaji waliona nimeanguka, lakini kidonda sikumwonyesha mtu. Baba angejua nimeiviringisha. Nilichukua kitambaa nilichokuwa nikimfutia farasi kwato, nikafunga kidonda, nikashusha kanga juu yake. Kesho yake baba akaondoka kwenda Mkange na punda wa tajiri wake.

Siku ya nane taya likawa zito. Nikadhani ni jino. Jioni tonge haliingii mdomoni. Asubuhi shingo ngumu kama mchi, na midomo imevutwa nyuma, meno nje.

Mama akaniuliza, "Unacheka nini?"

Sikuwa nacheka. Nilitaka kumwambia, mdomo haukufunguka. Kisha kikombe kikaanguka sakafuni, na ule mlio tu ulinikunja mgongo kama upinde. Nikabaki nimegusa kitanda kwa kisogo na visigino tu. Mkojo ukanitoka. Akili ilikuwa timamu, nasikia kila kitu, naona kila kitu. Ndiyo adhabu ya ugonjwa ule.

Mama akalia, "Mwanangu amepandwa!" Wakamwita fundi wa ngoma za pepo, mwanamke mzito mwenye sauti. Wakanifunika nguo nyekundu, wakafukiza ubani, wakapiga ngoma.

Kila pigo lilinivunja. Sisemi kwa mfano. Nilisikia mifupa ya mgongo inalia. Fundi aliniinamia akapaza sauti, "Sema jina lako! Umetoka wapi? Wataka nini?" Nami nilitaka neno moja tu, *nyamazeni*, likaishia nyuma ya meno. Nikauma ulimi, damu ikatoka.

Fundi akasema, "Huyu mkaidi. Ongezeni ngoma."

Wakaongeza. Siku mbili. Nikaacha kumwomba Mungu aniponye, nikamwomba anichukue.

Siku ya pili alasiri ngoma zikakatika ghafla. Baba alikuwa mlangoni, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Tokeni."

Fundi akang'aka, "Saisi, ukikatiza ngoma pepo atamuua!"

"Si pepo. Nimeona farasi watatu wakikazwa hivi hivi. Wawili walikufa. Tokeni, na anayetaka kulia akalilie pwani."

Akaufungua mkono wangu. Kidonda kilikuwa kinanuka. Akakitazama. Akanilaza katika chumba cha matandiko ya farasi, hakina dirisha, akaniziba masikio kwa pamba. Majirani wakamteta, "Mwanawe anamuuguza kama mnyama!" Akamleta daktari wa serikali. Daktari akachana kidonda, akatoa uchafu, akanidunga sindano, akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Ni pepopunda, na sindano imechelewa. Wengi hufa. Endelea na giza na kimya, hakuna dawa nyingine."

Nina pengo la jino upande wa juu. Mama alipitisha hapo bua la jani la mpapai, akaninywesha uji mwembamba, tone kwa tone. Wiki tatu sikuona jua. Kila nilipokunjwa nilijua safari hii pumzi hairudi. Ilirudi.

Siku taya lilipoachia upana wa kidole, baba alikuwa ameketi chini kando yangu. Neno la kwanza nililotoa: "Baba, niliiviringisha."

"Najua," akasema. "Niliona alama ya kamba juu ya kitambaa, kanga ilipoteleza, asubuhi ile nilipokuwa nafunga safari ya Mkange. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Akageuza uso ukutani. Mabega yake yakatikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, na sikumwona tena.

Basi tulikuwa wawili tulionyamaza, mimi kwa haya, yeye kwa ukali wa mzazi. Ngoma zilikuja baadaye.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru daktari yule, na mama na bua lake la mpapai. Baba, Mungu amrehemu, nilimsamehe siku ile ile, naye akanisamehe. Nanyi mnaosoma, kidonda kikiingia samadi au udongo, kioshe na ukimbilie zahanati siku hiyo hiyo. Sindano ipo, usingoje taya. Ukiona mgonjwa amekazwa, funga mlango, nyamazisha watu, mwite mganga wa hospitali. Na mtoto wako akificha mkono chini ya kanga, usimpime adabu. Mfunue.

Vidole viwili vya mkono huu havikunjuki mpaka leo. Kinywa kinafunguka. Wajukuu hulalamika, "Bibi, unasema mno!" Nasema. Nitasema mpaka wanizike.