Mkungu wa Baba Kwenye Pipa

Mgomba wa kisukari alioupanda baba uani kwetu Kibamba uliangushwa na upepo wiki ileile hospitali iliposema tukae naye nyumbani, wao wamefika mwisho. Mkungu ulikuwa umekomaa lakini bado wa kijani. Baba, ambaye chakula kilikuwa kimeshamshinda, akasema anataka kitu kimoja tu: ndizi mbivu ya mgomba wake.

Nikazivundika. Nafundisha baiolojia, nilijua ninachofanya. Nilipanga vichane kwenye pipa la plastiki, nikaweka papai lililoiva katikati, nikafunika na kutupia blanketi juu. Papai bivu hutoa hewa ambayo ndiyo homoni ya kuivisha. Ndizi ikiipata, nayo huanza kutoa yake, zikaambukizana. Lakini hewa ni hewa. Ukifungua, imekwenda.

Na watu walifungua! Mgonjwa lazima ajuliwe hali, na kila aliyekuja alianzia kwenye pipa, pale sebuleni. Anafunua, anabonyeza, anatoa hukumu.

"Bado ngumu hizi."

"Nyie mngetia moshi."

Wote ni wakubwa zangu, watu wa kuamkiwa shikamoo, kwa hiyo nilisaga meno na kufunika upya. Chumbani baba alikuwa anakunywa maji kwa kijiko. Kila asubuhi nilimtazama yeye, kisha nikazitazama ndizi, zimeganda kijani vilevile, nikashikwa na hofu.

Siku baba mkubwa alipofunua mara ya pili, chai yake hata haijapoa, uvumilivu ukaniishia.

"Baba mkubwa, ukilifungua tena hilo pipa, baba atakufa hajala!"

Neno hilo hakuna aliyekuwa amelitamka nyumba nzima. Mama akaziba mdomo kwa khanga. Baba mkubwa akabaki na mfuniko mkononi. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi.

"Mwanangu," baba aliita kwa sauti iliyokwisha. "Hebu njoo."

Nikaingia.

"Umesema kweli. Mie nilikuwa naona aibu kuwaambia. Lileteni huku, nitalilinda mwenyewe."

Tukalisukuma mpaka kando ya kitanda. Hakuna aliyethubutu kuligusa tena, hadi harufu ya ndizi mbivu ilipojaa chumbani.

Baba alikula ndizi moja, taratibu, mama akimfuta kidevu. Ya pili aliimenya mwenyewe, vidole vikihangaika, akanyoosha mkono kwangu.

"Kula, nikuone."

Nikaila yote mbele yake, nikilia, na ilikuwa tamu.