Mtani wa Sindano

Nakumbuka asubuhi moja pale Mtoni, mwanangu, nilipofika kwenye baraza la kahawa nikiwa na kikopo cha rangi nyekundu mkononi na furaha ya mtu aliyetoka kusoma juzi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi kwetu Tabora, nikapanda treni hadi Dar es Salaam, na serikali ya Mwingereza ikanipa kofia, baiskeli na kazi ya msaidizi wa bwana afya. Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba kukagua vyoo na mitungi, na kuhakikisha wagonjwa wa kifua kikuu wanakwenda kudungwa sindano. Tangu siku hizo nimeishi miji mingi, maana miguu yangu haijui kutulia, lakini hakuna mtaa ninaourudia moyoni kama ule.

Baraza lilikuwa la Mzee Hamadi, mwenyeji wa pwani, aliyeuza kahawa chungu na kashata kwa watu wa kila aina: makarani kutoka bara, wachuuzi, mafundi wa Chang'ombe. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina dirisha moja, na vikombe vyote vilisuuzwa ndani ya ndoo moja ya maji baridi. Mteja wake wa kwanza kila siku alikuwa Fundi Mwinshehe, Mzaramo, msukaji wa vitanda vya kamba. Yeye Mzaramo na mie Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani tangu enzi za mababu zetu. Unajua utani ulivyo, mwanangu: mtani wako hukutukana mchana kweupe, huchukua hata kofia yako kichwani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Fundi hakuiacha haki yake ipite bure.

"Karibu, shingo fupi!" ndivyo alivyonipokea kila siku. "Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka shingo ikazama kifuani. Kaa upumzike, mzigo umekwisha kutuliwa."

Watu walicheka. Mie nilitabasamu kwa shida. Niliona utani ni mambo ya watu wasiosoma, na kwamba mwenye kofia ya serikali hafai kuitwa shingo fupi mbele ya makarani.

Fundi alikuwa na kifua kikuu. Dawa mpya ya sindano ilikuwa imefika, dawa iliyowainua watu ambao jamaa zao walikwisha kuulizia sanda, lakini ilitaka mgonjwa adungwe kila siku kwa miezi. Dresa wa zahanati yetu, yule aliyefunga vidonda na kudunga sindano, alinionya mapema: "Huyu akiacha katikati, ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Akiacha, tutamzika." Fundi alikuwa amefika wiki ya tano, na nyama za mashavu zilianza kurudi.

Basi asubuhi ile nilichukua kikombe kimoja cha Mzee Hamadi, nikakipaka mstari mwekundu ubavuni, nikakiinua wote wakione.

"Fundi, hiki ni chako peke yako," nikasema kwa sauti ya mkutanoni. "Una kifua kikuu. Usiguse vingine, utawaambukiza wenzako."

Karani mmoja wa Kipare alikitazama kikombe alichokuwa akinywea, akakiweka chini taratibu kama yai. Fundi akamiminiwa kahawa. Akainywa yote, bila haraka, kisha akakifunika kikombe kifudifudi juu ya benchi.

"Ahsante, bwana mkubwa," akasema, akatoka.

Hakusema shingo fupi. Mwanangu, siku mtani wako atakapokuita bwana mkubwa, jua kuna kitu umekiua.

Kesho yake hakuja kwenye sindano, wala keshokutwa. Nilikwenda nyumbani kwake, nikamkuta mkewe, Bi Mwajuma, anapepeta mchele.

"Kaenda kwa shangazi yake Mbagala," akaniambia bila kuinua macho. "Kasema akafie mahali ambapo vikombe havina rangi."

Nikaandika barua: unatakiwa kufika zahanati bila kukosa. Nikaipiga na mhuri. Bi Mwajuma akampa mtu anayekwenda Mbagala, na baada ya siku moja barua yangu ikarudi imekunjwa pembe, imejaa karanga za kukaanga.

"Fundi anakushukuru kwa karatasi," akasema Bi Mwajuma. Nadhani alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nilighadhibika. Siku ya nne nilipanda baiskeli niende kwa jumbe kuomba askari. Nikipita barazani, Mzee Hamadi akatoka akashika usukani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wapi na uso huo?"

"Kuomba askari wamlete Fundi. Nimechelewa, Mzee."

"Umechelewa siku nne. Shuka."

Nikashuka. Akanikalisha benchini, akaendelea kupuliza mkaa wake.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini?"

"Husikii kitu, siyo? Wiki iliyopita hapa walikuwapo watu watatu wanaokohoa. Leo hakuna hata mmoja. Wamepona? Umewafundisha kumeza kikohozi, bwana mdogo. Yule karani wa Kipare anakwenda kukohoa nyuma ya choo changu, halafu anarudi hapa anajifuta macho. Nani sasa atakuja akwambie kifua kinamuuma, ili umpake rangi?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wametuachia wenyewe tuulize: ni nani aliyemfundisha kuficha?

"Na Fundi akifa huko Mbagala?" nikauliza.

"Atakufa kwa ulimi wako." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kahawa. Kisha akanitazama. "Lakini wewe Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Babu zenu wamewaachieni mlango wazi, wewe unakwenda kuita askari wavunje ukuta. Mie siwezi kumtukana Fundi akacheka. Sina haki hiyo. Wewe unayo. Kofia iache hapa, na hiyo baiskeli. Nenda kama mtani."

Nikaenda kwa miguu. Njiani nilikumbuka mambo niliyoyaona utotoni na kuyadharau nilipokua: watani wanavyoingia msibani, wakamsema marehemu, wakadai vitu vyake, mpaka wafiwa wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Nilipofika uani kwa shangazi wa Fundi, nikamkuta anamenya mihogo, nikaweka mikono kichwani.

"Uwii! Mtani wangu kafa!"

Kisu kikamponyoka. "Kafa nani?"

"Fundi Mwinshehe, Bibi."

"Mbona yumo ndani, kanywa uji sasa hivi?"

"Najua, Bibi. Kaamua kufa, na mie kazini sipewi ruhusa siku za msiba. Nimekuja kuzika mapema. Urithi wangu uko wapi?"

Pembeni palikuwa na kitanda kipya cha kamba, maana mikono ya Fundi haikujua kukaa bure hata mgonjwa. Nikajitupa juu yake.

"Hiki nachukua. Na kofia yake ileteni, ingawa Wazaramo vichwa vyao vimekua kama nazi. Nitaipunguza."

Kutoka ndani kikasikika kikohozi, kikohozi kirefu kilichonikata maini. Kisha sauti:

"Toka kitandani kwangu, shingo fupi!"

Shangazi akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Maiti haisemi," nikajibu. "Lala uoshwe."

"Hata kufa kwenyewe, Mnyamwezi, huniachii nafasi?"

Akatokea mlangoni, amejifunga shuka. Mashavu yalikuwa yameanza kuingia tena ndani. Alijaribu kukunja uso, uso ukamkataa.

Hapo nikashuka kitandani, nikapiga goti kwenye maganda ya mihogo. Nikamwambia nimekosa, na kwamba nilitaka kuwaonyesha makarani jinsi nilivyosoma. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mie ulimi wangu ulikuwa umemwangusha mtu mwingine.

"Ulininywesha kama mbwa mwenye bakuli lake," akasema Fundi. Kisha akavuta pumzi. "Nitarudi. Ila si bure. Dresa anataka nilale peke yangu penye upepo, na kitanda changu cha kulalia peke yangu ndicho hicho. Nyie si wapagazi? Kibebe kichwani mpaka Mtoni. Mchana huuhuu, watu wakuone."

Nikakibeba, mwanangu. Barabara ya Kilwa ilikuwa ya vumbi na jua lilikuwa la saa saba. Kila Fundi alipochoka nilikitua kando ya njia, akajilaza, mie nikasimama jua lisimpige usoni. Wapita njia wakauliza, "Vipi tena huyo?" Naye, hali pumzi zenyewe za kuazima, akawajibu, "Mpagazi wangu wa Tabora. Nimemkodi kwa matusi."

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye sindano pamoja, tukitukanana njia nzima, na ndivyo tulivyofanya kila siku. Mzee Hamadi alikuwa ameweka birika la pili la maji yanayochemka, na kila kikombe, cha mgonjwa na cha mzima, kikapita humo. Mabenchi akayatoa nje penye upepo. Dresa ndiye aliyenifungua macho kwamba kikombe hakikuwa na hatia kubwa. Ugonjwa ule husafiri zaidi kwa pumzi ya mwenye kukohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Nilimdhalilisha mtu, na hata adui mwenyewe sikuwa nimemlenga.

Siku moja dresa akatutazama tunavyoingia na kelele zetu, akasema, "Hawa wengine wanaonikimbia, wao hawana watani?" Ndipo kazi yetu ilipobadilika. Mgonjwa mmoja Mngoni tukamtafutia mtani wake, Mhehe. Karani wa Kipare alikuja mwenyewe kupimwa, akaonekana anao ugonjwa, na kila asubuhi Mchaga wa duka la jirani akawa anamgongea mlango: "Amka, Mpare! Sindano ni ya bure, na hajazaliwa Mpare wa kukataa cha bure!" Asiye na mtani tulimtafutia shemeji. Serikali haikuwa na askari wa kumfikia kila mgonjwa kila siku, lakini watani walikuwapo kila mtaa, tena walikuwa wakifurahia kazi.

Sitakudanganya kwamba wote walipona. Mngoni yule tulimzika. Alikuja kwetu akiwa amechelewa. Lakini Fundi Mwinshehe alimaliza sindano zake zote, akanenepa, akaendelea kusuka vitanda na kunisema vibaya mpaka siku nilipohama Mtoni. Na karani naye akamaliza.

Sasa nakuona wewe, mwanangu, wewe na wenzako mnaokwenda vijijini na mitaani na masanduku ya dawa na elimu kubwa kuliko yangu. Nasaha yangu ni hii. Linalowahusu wote lifanye kwa wote. Usimtenge mmoja ili wengine wajione wazima. Siri ya mgonjwa usiitangaze barazani, maana siku utakayomwaibisha mmoja, kumi watajificha usiwaone. Kabla hujaita nguvu, uliza watu wale wana mlango gani tayari: utani, ujirani, ushemeji, ngoma, chama cha akina mama. Pita hapo. Na ukikosea, maana utakosea, usitume barua yenye mhuri. Nenda mwenyewe, upige goti, na ukiambiwa ubebe, beba.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya maradhi yake. Akupe miguu isiyochoka kumfuata aliyekimbia. Na siku utakapougua wewe, akuletee mtani mwenye kelele mlangoni, atakayekukataza kufa kabla ya siku yako. Amina.