Maharagwe ya Kuhesabia Waya

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwa fundi mmoja wa magitaa mjini Nyeri, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la mbegu na kinyozi. Gitaa lake la umeme lilikuwa linamkata vidole, na sauti yake, alisema, imekuwa nyembamba. Fundi alisugua vyuma vya shingo ya gitaa kwa msasa, akapapasa kwa kidole gumba, akasugua tena. Kisha akashika chuma cha kulehemu. Ule moshi wa lehemu uliponifika puani, rafiki yangu, nilijikuta nimegeuka kutazama mlangoni ni nani ameingia. Hakuna aliyeingia. Mimi ni mtu wa karibu miaka themanini, na mazoea hayo hayajanitoka.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, nilikuwa na miaka minane. Walikuwa wametutoa mashambani mwetu na kutujaza kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya Othaya, nyumba za udongo zilizopangwa mistari, zimekaribiana hata jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka. Kijiji kilizungukwa na handaki lililosimikwa miti ya ncha, lango likiwa moja tu. Langoni walikaa homgadi, yaani watu wetu wenyewe, waliopewa silaha watulinde dhidi ya watu wetu wengine waliokuwa msituni wakipigana na wakoloni. Sasa niambie, hapo ungemwamini nani?

Wazazi wangu walikuwa kizuizini, kila mmoja kambi yake. Nilibaki na nyanya, ambaye tulimwita cucu, na mjomba, mwanawe cucu. Mjomba alikuwa amekwenda vita vya Wazungu kama fundi wa simu za jeshi, akarudi na gitaa la mbao na ujuzi wa waya. Alipohojiwa mara ya kwanza na homgadi walimvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto na mbavu kadhaa. Walimwachilia, lakini kila mtu alijua kwamba akichukuliwa mara ya pili harudi. Cucu alikuwa akilisema hilo waziwazi, akikoroga uji, kana kwamba anazungumzia mvua.

Basi lile gitaa lilikuwa limemshinda. Nyuzi zilikaa juu mno kwa vidole vilivyopona vibaya, na ukingo wa tumbo la gitaa ulimchoma mbavu. Mwenye hoteli moja ya chai mjini alikuwa amempa redio ya betri aitengeneze, pamoja na barua ya ruhusa, na kumwahidi kwamba akiweza kupiga gitaa likasikika juu ya kelele za wateja, atamwombea pasi ya kutoka kijijini kila Jumamosi. Mjomba aliitaka ile pasi kama mgonjwa anavyotaka maji.

Mchana, akishatoka kazi ya lazima ya kuchimba handaki, aliketi mlangoni penye mwanga akaanza kulitengeneza. Alikwangua shingo kwa kipande cha chupa mpaka ikawa nyembamba kutosha kiganja chake. Alichonga mfupa wa ng'ombe, akauweka pale nyuzi zinapopandia, zikashuka chini. Ukingo ule mkali aliukata, akausugua, akaupaka mafuta ya nyonyo. Nyumba nzima ilinuka nyonyo na viazi vitamu vya kuchoma, na mpaka leo sijui harufu nzuri kuliko hiyo.

Kilichobaki ni sauti. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, na waya wa shaba mwembamba kama unywele. Ule waya ulitakiwa kuzungushwa kwenye sumaku mara elfu nne, kisha ufungwe kwenye redio, nayo redio ingelipa gitaa sauti kubwa. Vidole vyake havikuweza kuushika. Vyangu viliweza. Nilizungusha nikihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili cha shule nilichokionea fahari, na kila nikifika mia moja nilitupa haragwe moja kwenye mkebe. Ti! Mia nane. Ti! Mia tisa. Cucu hakupenda. Kuhesabu vitu kwa sauti, jambo ambalo kwetu ni mwiko, kulimtia wasiwasi tangu utoto wake, achilia mbali siku zile.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa homgadi. Alikuja siku ya tatu kuomba moto, ingawa moshi wake tuliuona ukitoka paani. Aliangalia mkebe, aliangalia waya, akauliza tunapika nini. Nilimchukia hapo hapo, na sioni haya kusema hivyo.

Kesho yake walikuja saa tisa mchana. Hedimani, ambaye ndiye mkubwa wa homgadi, alitangulia, na nyuma yake askari mrefu wa polisi, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, asiyejua neno la Kikuyu. Walikuta mjomba amemaliza kulehemu. Gitaa lilikuwa mapajani na redio juu ya kigoda, miguuni pake.

"Ati hapa kuna risasi zinahesabiwa," hedimani alisema. "Mia tisa. Iko wapi?"

Cucu alimwaga mkebe. Maharagwe yakatawanyika sakafuni. Askari alicheka kidogo, lakini hedimani hakucheka. Watu wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, kwa hiyo waya na sumaku kwake vilikuwa mambo makubwa.

"Hii waya yote ni ya nini?" askari aliuliza.

"Ni ya gitaa, afande. Ipate sauti."

"Mimi nyumbani nimeona gitaa mingi. Hakuna yenye iko na waya kama hii. Piga tusikie. Ikikataa, tunaenda na wewe."

Mjomba alichagua wimbo wa kanisani, tuni ambayo kila mmisionari angeifurahia. Hapo alikosea, na ni kosa ambalo angelifanya mtu wa kwetu tu. Watu wa msituni walikuwa wamezichukua tuni za kanisani na kuzivika maneno yao, ya ardhi na ya viapo. Tuni ilikuwa na mwili mmoja na nguo mbili, na mama yangu aliniimbia moja tu, ile ya msituni. Ndiyo niliyoijua.

Nilisikia sauti ile nzito na tamu ikitoka redioni, nikamsikia mama. Sikumwona hedimani, sikumwona askari. Nilifungua mdomo nikaimba, kwa Kikuyu, maneno aliyokuwa akiimba mama akipalilia.

Mjomba alinitazama mara moja. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, basi akanyoosha mguu, akashika kitufe cha sauti cha redio kwa vidole vya mguu, akakizungusha mpaka mwisho. Redio ikapiga yowe. Gitaa likanguruma, mkebe ukatetemeka, mbwa wa jirani wakalia. Niliendelea kuimba na sikujisikia mwenyewe. Alipiga kwa nguvu hata vile vidole viwili vikatoka damu, wala hakunyamaza mpaka aliponiona nimefunga mdomo.

"Basi, basi! Ni gitaa kweli!" askari alipiga kelele, amejiziba masikio, anacheka.

Hedimani alikuwa akitazama midomo yangu. Aliinama. "Wewe ulikuwa unaimba nini?"

"Ya kanisa," cucu alijibu kabla sijavuta pumzi. "Hajui ingine."

Walimwacha mjomba. Redio na koili, ile sumaku niliyoizungushia waya, walienda navyo, na pasi ya Jumamosi ikaishia hapo. Nilipokua nikaelewa, nilikwenda kumshukuru mjomba, akasema kitufe kilikuwa kibovu.

Kijiji kile hakipo tena. Handaki lilifukiwa, na mahali nyumba yetu iliposimama pana majani ya chai. Mjomba na cucu wamelala, gitaa lililiwa na mchwa. Yule mama wa ukuta wa pili nilihudhuria mazishi yake, nikakaa nyuma kabisa. Labda hakuwa yeye aliyetuchongea. Labda. Imebaki ile tuni, ambayo kanisani naiimba nikitazama kitabu ingawa naijua kwa moyo, nisije nikateleza.

Fundi alipomaliza, mjukuu wangu alijaribu gitaa, na kwa bahati tu akaanza kupiga tuni hiyo hiyo. "Cucu, hii unaijua," alisema. "Imba, tusikie vile inatoka."

Nilitazama mlango. Nilimtazama fundi, ambaye simjui wala simjui mama yake.

"Ongeza sauti kwanza," nikamwambia.