"Mara tatu" ya Yumna na kamba za Bi Mize

Saa mbili asubuhi maji yamekupwa, na Yumna Rajab amesimama pwani ya Kengeja akitazama kamba za mwani zilizokatwa. Ni za Bi Mize. Kila moja imepitishwa kisu, na mwani uliokuwa mzima umetapakaa mchangani, unakauka.

Bi Mize mwenyewe yupo, ameinama, anaokota vipande na kuvitia ndooni. Hamwangalii Yumna.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba." Anaendelea kuokota. "Leo baada ya alasiri wananikalia kikao, wanitoe kwenye kikundi cha wakulima. Enda ukawasomee hesabu zako na leo."

Maneno hayo yanamchoma Yumna, maana moto huu ameuwasha yeye.

Yumna, mwenye miaka ishirini na saba, ni mkusanya takwimu wa mradi unaotafiti kwa nini mwani unaoza. Maji yakitoka huteremka pwani kuwauliza wakulima, kisha huyaingiza majibu kwenye kompyuta. Hulipwa posho ya shilingi elfu kumi na tano kwa siku ya kazi, na kazi yenyewe haipatikani kila siku.

Mwaka huu aliona asiishie kuuliza tu, ajifunze na kusoma matokeo. Kwa video za simu akajifunza rigresheni lojistiki, hesabu inayotumika jibu linapokuwa ndiyo au hapana. Mwani umeoza, au haukuoza. Hesabu huonyesha kila jambo linaandamana kiasi gani na ile ndiyo.

Alipoiendesha, penye "mbegu ya kuazima", yaani vipande vya kupandia vilivyotoka kamba za mwenzio, pakatoka tatu. Yumna akashika kipaza sauti kwenye mkutano wa kikundi akatangaza: "Mwani wa mbegu ya kuazima unaoza mara tatu zaidi." Jina hakulitaja. Pwani ile nani asiyejua kwamba mbegu ya kuazima hutoka kwa Bi Mize, asiyemnyima mtu wala kumdai?

"Nlifurahi, nakwambia. Nliona nishakuwa mtaalamu," anasema, ameshika tama. "Kumbe mdomo huponza kichwa, na kichwa chenyewe si changu."

Kutoka pwani anakwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Heriel, mtu wa bara anayesomesha hisabati na kuishi jirani na kwao. Miguu bado ina mchanga. Anamfungulia kompyuta barazani.

"Kati ya kumi walioazima, wangapi waliozewa?" anauliza Heriel.

"Sita."

"Wanne wakasalimika. Sita ukigawa kwa wanne ni moja na nusu. Na wasioazima?"

"Kila watatu, mmoja kaozewa."

"Mmoja kwa wawili waliosalimika ni nusu. Sasa igawe ile moja na nusu kwa hii nusu."

"Tatu," anasema Yumna, na uso unamshuka. Ndiyo tatu ile ile. Lakini sita katika kumi si mara tatu ya mmoja katika watatu. Haifiki hata mara mbili. Alichotangaza kuwa uwezekano kilikuwa uwiano wa walioozewa kwa waliosalimika, uliolinganishwa na uwiano mwingine.

"Halafu niambie, dada. Wanaoazima ni kina nani?"

Yumna anawahesabu kwa vidole. Mama yake ameazima mara ngapi! Mwenye mwani mzima haendi kuazima. Huazima aliyeozewa, na mara nyingi huyo ni mwenye kamba karibu na ufukwe, ambako maji ni haba na jua huyapasha. Huchukua mbegu njema ya Bi Mize akaifunga pale pale pa moto. Kina cha maji Yumna alikiuliza, ila hakukitia kwenye hesabu. Aliona ni jambo linalojulikana na kila mtu, la nini tena kuliandika?

Sasa anakitia. Anasubiri huku adhana ya adhuhuri ikisikika. Tatu inashuka hadi moja na kidogo, na masafa ambamo jibu la kweli linaweza kuwamo yanaanzia nusu hadi karibu tatu.

"Moja maana yake hapana tofauti," anasema Heriel. "Na moja imo humo ndani. Kwa hesabu hii huwezi kumhukumu mtu." Ni maji haba tu ambayo masafa yake yote yamebaki juu ya moja.

Kikaoni Yumna anaanza kwa sauti ya chini. Bi Mize anamkata.

"Mwanangu, kunivunjia jina ulitumia kipaza sauti. Leo wanirejeshea kwa kunong'ona?"

Yumna anakwenda kukichukua kipaza sauti, anakiri kosa lake, anaeleza yote tangu mwanzo.

"Basi nani kauozesha?" anauliza Bi Mwatum, aliyepoteza kamba zake zote. "Mie n'nataka mtu!"

"Mtu hayumo, Bi Mwatum. Ni maji ya moto. Tusogee kwenye kina."

"Kwenye kina tutazama. Nani hapa ajuaye kuogelea?"

Kikao kinavunjika bila Bi Mize kutolewa. Aliyekata kamba hajitokezi, na Bi Mize haombwi radhi na yeyote ila Yumna.

Mpango wa Yumna sasa ni kuogelea. Ameshaomba mradi ulete mwalimu wa kike, na wa kwanza kujifunza awe yeye, maana naye hajui. "Nimewaambia waende kwenye kina," anasema. "Sitawaacha waende peke yao."

Anapoondoka kikaoni, Bi Mize anamwita. Kutoka kwenye ile ndoo ya vipande, aliyokuja nayo, anachagua fungu la mbegu, bado bichi, anamtia mkononi.

"Mpe mamaako," anasema. "Na mwambie umeitoa wapi."