Vikombe Viwili vya Mama Chai

Siku ya nne baada ya kumzika mdogo wake, Mama Chai alirudi kazini. Aliacha simu yake kwenye kabati la getini kama kila mtu, akavaa buti, akaingia chumba cha pampu. Wenzake wakaacha kuzungumza. Mmoja alimpa pole, mwingine akamkumbatia bila kujua mikono aiweke wapi. Yeye akajibu, "Nimeshapoa," kama mtu anayeitikia salamu ya barabarani, kisha akauliza pampu namba mbili mbona inapiga kelele.

Watu walisubiri alie. Hakulia msibani, hakulia makaburini, wakadhani basi kiwandani machozi yatamtoka. Walisubiri sana. Alikuwa amekufa ganzi, kuanzia kifuani kwenda nje. Alikula kwa sababu sahani ililetwa, alilala kwa sababu taa ilizimwa. Akiulizwa hali alisema nzuri, wala hakuwa anadanganya. Hakuwa na habari nyingine ya kutoa.

Kiwanda chenyewe kinafungasha vyakula. Mashine za mbele zinafyonza hewa kwenye mifuko mpaka plastiki inagandamana na kilichomo, na kazi ya kuifyonza hewa hiyo ni ya pampu tano zilizofungiwa chumba cha nyuma, ambako mgeni hapelekwi. Kuna joto, kuna harufu ya mafuta, kuna ngurumo ambayo ukishaizoea, Jumapili nyumbani unashindwa kulala kwa ukimya. Kila pampu ina kisanduku chake ukutani cha kurekebisha mwendo wa mota. Mafundi wanakiita inveta, na wanakiheshimu kuliko meneja, maana kina tabia mbaya: ukikikatia umeme, kinabaki na umeme mwingine tumboni. Pampu imenyamaza, taa zimezimika, lakini ukikigusa ndani bado kinaua. Kibandiko kwenye kifuniko kinasema subiri dakika kumi, kisha pima, ndipo ufungue.

Sasa, dakika kumi ni nyingi kwa fundi ambaye simu yake iko getini na saa ya ukutani ilisimama miaka mingi iliyopita. Wa zamani walihesabu kwa vidole na matumaini. Mama Chai alipopewa ukuu wa mafundi umeme akaweka sheria yake: zima swichi kuu, itie kufuli, ufunguo mfukoni, halafu nenda jikoni ukachukue chai. Kikombe cha bati, kile cha nusu lita, kimejaa na kinafuka. Ukikimaliza, rudi. Alikuwa amekipima kwa saa ya mumewe asubuhi tatu mfululizo, na hakuna aliyeweza kukimaliza chini ya dakika kumi bila kubabuka ulimi. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Walisema mama huyu amevumbua njia ya kulipwa kwa kunywa, na jina likamganda. Miaka tisa hakuna aliyepigwa na umeme mle ndani, na hata waliomcheka walikunywa.

Mdogo wake alikunywa kwa furaha kuliko wote. Mama Chai ndiye aliyemleta kazini, akamfundisha kushika bisibisi, akamfundisha na kusubiri, jambo lililokuwa gumu zaidi, maana yule bwana alizaliwa na haraka zake. Akikaa kwenye benchi na kikombe, dakika kumi zilimtosha kwa mkasa mmoja mrefu na chumvi yake yote. "Dada," alikuwa akisema, "siku wakinipima damu hospitali watakuta majani."

Chai ilifanya kazi vizuri mno, na ubaya ulianzia hapo hapo. Kipimo cha umeme kilining'inia kwenye msumari wake, betri ikaisha, asitokee wa kuomba nyingine. "Umekunywa?" mmoja anauliza. "Nimekunywa." "Basi fungua." Mama Chai alikuwa akiyasikia hayo na kupita, na inveta zake mwenyewe alizifungua hivyo hivyo, mkuu mzima wa mafundi.

Kisha akaja mkaguzi wa afya, akaona vikombe vya bati vimechubuka na kuota kutu, akaamuru vitupwe. Jikoni wakaleta vya plastiki, vidogo, na chai ikawa inamiminwa kutoka kwenye chupa iliyojazwa tangu alfajiri, vuguvugu. Mama Chai alikitazama cha kwanza akasema, "Hiki si cha kunyweshea mtoto dawa?" Wote wakacheka. Akajimiminia cha pili. Tangu siku ile alikunywa viwili, polepole, na hakumwambia mtu kwa nini. Hakukusudia kuficha. Aliona ni jambo ambalo kila mwenye macho analiona, na huo ndio upuuzi aliojiambia miezi miwili mizima.

Mwezi wa tatu wa vikombe hivyo, mchana kweupe, mdogo wake alizima pampu namba nne, akaitia kufuli, akanywa kikombe kimoja, akaenda kufungua kifuniko. Walimkuta sakafuni. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwake, palepale alipofundishwa kuuweka.

Wiki hiyo aliyorudi kazini, Mama Chai aliitwa ofisini kwa afisa usalama, bwana mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Ripoti ilikuwa tayari mezani. Marehemu alifungua kifuniko kabla ya muda na hakupima. Chanzo cha ajali: uzembe wa marehemu.

"Imebaki sahihi yako tu, mama. Hapa, chini ya yangu."

"Uzembe," alisema Mama Chai.

"Ni neno la fomu. Lisikuumize. Yeye haliwezi kumdhuru tena."

Alilitafuta lile neno lilipomuuma, asipaone. Akaikunja karatasi, akaomba mpaka kesho.

Jioni ile alipitia kwa mke wa marehemu. Wifi yake hushona sare za shule sebuleni, na alikuwa kwenye cherehani, kitambaa cha bluu kimemfunika magoti. Tangu msiba alikuwa na swali moja, na kila mara watu walikuwa wengi. Leo walikuwa wawili tu.

"Wifi, nikuulize. Watu wanasema alikuwa mzembe. Binti yangu kaambiwa shuleni, karudi analia. Wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Alikosea nini?"

Wifi akaona amemwahi mgeni kwa maswali kabla ya kumkaribisha, akainuka, akarudi na chai. Aliileta kwenye kikombe cha bati cha nusu lita, kimechubuka ukingoni.

"Usinicheke na kikombe chenyewe. Alikiokota kwenye takataka za jikoni kwenu. Alisema hawezi kunywea chai kwenye kizibo."

Chai ilikuwa inafuka. Mama Chai hakuigusa. Akaeleza yote, kwa sauti ileile ya kuuliza pampu mbona inapiga kelele: kisanduku, dakika kumi, kikombe cha bati, kipimo kisicho na betri, vikombe vya plastiki.

"Vilikuwa vidogo. Mimi nililijua hilo. Nilikuwa nakunywa viwili."

"Viwili," alisema wifi.

"Viwili."

"Na yeye hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Si mlikuwa mnakaa benchi moja?"

"Benchi moja."

Wifi aliangalia kitambaa magotini, akakinyoosha mkunjo ambao haukuwapo. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Kunywa chai yako."

Akanywa. Nje mtu alikuwa anafagia, akamaliza, akaondoka. Mama Chai alipokiweka kikombe chini, wifi aliitazama saa tena.

"Dakika kumi na moja," alisema. Akasukuma mkasi na makasha ya nyuzi pembeni, akampa kalamu. "Andika."

Mama Chai aliikunjua ripoti, akafuta uzembe wa marehemu, akaandika kwa herufi kubwa za kifundi: Marehemu alifuata utaratibu kama nilivyomfundisha. Kipimo cha wakati kilibadilika, mimi nikajua, sikusema. Akatia sahihi. Wifi alisoma, akairudisha, akakipeleka kikombe jikoni.

"Usije kwa siku chache," alisema akiwa huko huko. "Nitakuita mwenyewe."

"Haya, wifi."

Kiwanda kilimvua ukuu, kikamwachia buti. Kipimo kikapata betri mpya na saa ikapata nyingine, na siku hizi hakuna anayefungua kisanduku bila kupima. Wenzake hawamwiti Mama Chai tena. Wanamwita fundi, kwa adabu, na adabu hiyo wanaiona inamfaa. Mwezi ulipita, ukapita wa pili, wifi hajaita. Alikula, alilala, hali ilikuwa nzuri.

Wiki iliyopita, akitoka kazini, alikutana na binti wa marehemu kwenye kona ya duka, ana mkoba mgongoni. Mtoto alimwamkia, akasimama, akapekecha mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Shangazi, mama kaja shuleni kwetu. Kamwambia mwalimu mbele ya darasa lote kwamba baba hakukosea."

"Hakukosea," alisema Mama Chai.

"Nikamuuliza, nani alikosea? Akasema huyo naye anampenda baba, nisimuulize tena."

Mtoto akaaga, akakimbilia wenzake. Mama Chai akaketi kwenye ngazi ya duka, buti zake miguuni, akalia kwa sauti mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kuna msiba wa nani.