Maharage ni saa ngapi

Wenzangu wa Bukiriro, leo nimechekwa na darasa zima la misheni.

Mwalimu alitaka ratiba ya kila mtoto anayeingia mashindano ya maswali ya Biblia. Nyumbani hatuna saa, basi nikamwandikia mwanangu Veronika hivi: sura moja akitoka mtoni, nyingine maharage yakichemka, nyingine akilinda mtama.

Na ameifuata kweli, siku zote.

Leo tukaipeleka darasani pamoja, mwalimu akaisoma kwa sauti.

"Mama, maharage ni saa ngapi?"

Watoto wakaangua kicheko. Veronika naye akasema, "Msamehe tu, mwalimu. Mama hakusoma."

Akaulizwa Injili ya Luka, akajibu yote. Amechukuliwa kuingia mashindano.

Njiani akaniomba siku ya mashindano nibaki nyumbani.

Ninyi mngebaki?